Nafasi Mgongoni mwa Bibi Mlezi

Siku mwenyekiti wa hekalu alipoleta balaa lake mtaani kwao, Siok-hun alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, anasokota nyuzi kama kawaida. Asubuhi ilikuwa na unyevu, na unyevu ndio anaoupenda mtu wa kazi ile. Mji mzima wa Tainan, kule Taiwan, ulikuwa unajipepea, yeye anafurahi.

Nyuzi zenyewe si za pamba. Utomvu mweusi wa mti, ule unaowasha ngozi mpaka mtu ajute kuzaliwa na unaokauka kwa unyevu si kwa jua, unachanganywa na unga wa tofali na mafuta, kisha unatwangwa hadi ukaze kama ugali wa wanaume. Donge lile linaviringishwa juu ya ubao mpaka liwe uzi mwembamba kuliko wa cherehani. Siok-hun aliulaza uzi juu ya joho la sanamu ya mti, kwani nyumba yao ilikuwa karakana ya kuchonga miungu ya mahekalu, akauzungusha kwa ncha ya kijiti, na mahali palipokuwa mti mtupu pakatokea joka, pakatokea mawingu, pakatokea mawimbi. Juu yake ndipo huja dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake. Kaka yake, Bun-kiat, alirithi patasi na brashi za nyuso, na pamoja na hizo akarithi cheo cha mkubwa wa nyumba, cheo ambacho hakijawahi kumkaa vizuri.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Binti wa Siok-hun, Giok-li, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa anakula uji wa wali na samaki huku akilalamika. Shingoni alikuwa na uzi mwekundu wenye sarafu ya kale, kama watoto wengi wa huko waliozaliwa dhaifu. Baba yake alitoweka mtoto hajaota hata meno, na pale nyumbani jina lake halitajwi, hivyo nasi tusilitaje.

Habari ya uzi ule ni hii. Giok-li alipokuwa mchanga alikuwa akikabwa na pumzi zake mwenyewe mpaka anageuka rangi. Madaktari walifanya la kwao, wakaishia kumpa mama pole. Ndipo Siok-hun akampeleka kwenye hekalu la kijiji cha mama yake, huko kwenye mabwawa ya samaki, mbele ya Bibi Mlezi, mungu wa kike anayetunza watoto. Alipiga magoti, akatamka maneno ambayo kila mama katika hali ile huyatamka: kuanzia leo huyu ni wako, mimi namlea tu. Bibi akakubali. Mtoto akavishwa uzi, na kila mwaka alipelekwa kubadilishiwa mwingine juu ya moshi wa ubani. Hakukabwa tena. Siok-hun hakuwa na kitu kingine duniani ila yule mtoto, na yule mtoto alikuwa wa Bibi.

Basi gari dogo la mizigo likasimama mlangoni. Kwenye kiti cha mbele alikaa Bibi Mlezi mwenyewe, sanamu yake ya mti, amefungwa mkanda, na mwenyekiti wa hekalu, Mzee Khu, alikaa nyuma kwenye bodi, suruali imejaa vumbi. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyompa Bibi mwaka ule. Alishuka akitema tambuu kwenye kikombe cha karatasi, meno mekundu, akasema anataka uso ukwanguliwe, upakwe upya, uwe mweupe na mashavu ya waridi.

Uso wa Bibi Mlezi ulikuwa mweusi. Haukupakwa weusi. Ulikuwa mweusi kwa moshi wa ubani wa vizazi na vizazi, weusi ulioingia ndani ya rangi mpaka hakuna aliyekumbuka rangi ya mwanzo. Mzee Khu alisema watu wa televisheni wangekuja kwenye maandamano ya sikukuu, na hekalu la kijiji jirani lina Bibi anayeng'aa, na yeye haoni kwa nini wao waonyeshe ulimwengu mungu mwenye uso wa sufuria. Alisema hivyo hivyo, uso wa sufuria, na Bibi amekaa pale anamsikia.

Siok-hun aliinuka. "Mmemuuliza?"

"Tumemuuliza, Mama Giok-li. Alicheka."

Hapo nami nikikumbuka damu inanichemka. Kwa watu wale mungu huulizwa kwa vipande viwili vya mti vyenye umbo la nusu mwezi, upande mmoja bapa, mwingine umebinuka. Vinarushwa chini. Vikilala kimoja hivi na kingine vile, amesema ndiyo. Vyote vikifunika bapa, amekataa. Vyote vikionyesha bapa, amecheka. Na kicheko si ndiyo. Kicheko maana yake hujauliza sawasawa, rudi ukaulize, au kwamba unayemuuliza anakustaajabia ujinga wako. Jambo hilo hata mtoto anayejifunza kutembea analijua. Mzee Khu alirusha vipande mpaka mkono ukachoka, Bibi akawa anacheka tu, kila mara anacheka, na mwisho mwenyekiti akawageukia wenzake wa kamati akawaambia amefurahi. Wenzake wakapiga makofi, watu wazima na akili zao.

Tena lilikuwapo kubwa kuliko hilo. Mungu akiwa ndani ya sanamu, hakuna kisu kinachogusa sanamu ile mpaka kuhani amwombe kwa adabu atoke, akae pembeni kwenye chetezo, angoje nyumba yake ikarabatiwe. Siok-hun aliuliza habari ya kuhani. Mzee Khu alisema kuhani ana mazishi mji mwingine, na sikukuu haimngoji kuhani.

Siok-hun alimwambia weusi ule si uchafu, ni maombi ya bibi yake Khu na ya bibi yake yeye, na kwamba mkono wake hautagusa kazi hiyo hata kwa kijiti. Mzee Khu hakukasirika. Alicheka, akasema kazi ya Siok-hun ni nyuzi, uso ni wa kaka yake. Wote wawili wakamtazama Bun-kiat. Bun-kiat akatazama viatu vyake.

"Niachieni," alisema.

Gari lilipoondoka walitukanana ndugu wale mpaka muuza ubani wa jirani akafunga dirisha. Bun-kiat alisema karakana inakufa, watu wananunua miungu ya plastiki ya kiwandani, na kazi ya hekalu haikataliwi. Alisema kile ni kipande cha mti wa kafuri. Siok-hun akamuuliza, kama ni kipande cha mti, mwanangu anapumua kwa nguvu za nani? Bun-kiat akavaa aproni yake.

Siok-hun alikaa chumba cha mbele, mgongo kwa kaka yake, akisikiliza kisu kikikwangua kama mtu anayetoa ukoko wa wali. Ilikuwa kazi ya siku nzima. Vumbi jeusi lilikuja mpaka mlangoni likiwa na harufu ya kila sikukuu aliyopata kuhudhuria tangu utotoni, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Jioni Bun-kiat alizibua mgongo. Kila sanamu ina tundu mgongoni, la upana wa yai, na ndani huwekwa vitu vya uhai: nyuzi za rangi tano, nafaka, na nyigu mmoja ambaye zamani alitiwa akiwa mzima ili mungu awe mkali wa kusikia. Nyigu alikuwa amekauka. Bun-kiat alipomgusa akawa unga. Akapuliza tundu likawa safi, akafagia unga wa nyigu, nafaka, nyuzi na masizi yote ya uso pamoja, akaweka kwenye mfuko. Gari la taka lilipopita likipiga muziki wake wa kuwaita watu, akalikabidhi mfuko.

Siok-hun alipogundua alitoka mbio na ndara zake. Alilikimbilia gari lile mtaa mzima, anapiga kelele kama kichaa, na muziki ukazidi kwenda mbali. Maji yakimwagika hayazoleki.

Uso mpya ulipakwa kwa rangi ya dukani, nyeupe iliyotiwa waridi. Joho likaguswa kwa unga wa shaba mahali pa dhahabu. Tundu la mgongo lilizibwa kwa kizibo cha mti bila kutiwa kitu, kwa sababu Mzee Khu alisema vitu vitawekwa baada ya sikukuu, na baada ya sikukuu hakuna aliyekumbuka. Siku ya kuja kumchukua, vijana wawili wa kubeba walimwinua wakamshusha tena. Alipoletwa alibebwa na watu wawili tu. Sasa walihitaji mtu wa tatu.

Maandamano yalipita, televisheni ikaonyesha, watu wakasifu. Mzee Khu alihojiwa akiwa amevaa fulana ya kamati, ananyoosha shingo kama jogoo.

Kisha viatu vya Giok-li vikaanza kumpwaya.

Siok-hun aliona ni jambo dogo. Aliuliza kama amebadilishana na mwenzake shuleni. Giok-li akakataa. Mama akatia pamba mbele ya viatu, mambo yakaendelea. Baadaye sketi ikawa inateleza kiunoni, akaikunja akashona. Hata hivyo mtoto alikuwa anakula vizuri, hana homa, anacheka.

Pale kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kulikuwa na alama za kimo chake, kila mwaka mpya alama moja. Siok-hun alimsimamisha. Kichwa kilikuwa chini ya alama ya mwisho. Alimwambia aache kukunja magoti. "Sijakunja, Mama," alisema Giok-li. Siok-hun akainama akayashika magoti yale. Yalikuwa yamenyooka.

Hospitali walimpima, wakampima tena, wakasema mizani ya mara ya kwanza lazima ilikosea. Siok-hun aliwauliza kama na mwimo wa mlango ulikosea. Daktari akaandika dawa za minyoo.

Siku moja alasiri alikuwa anamwogesha. Alikuwa anamsugua mgongo, anahisi mifupa midogo kuliko anavyoikumbuka, na mtoto akageuza shingo kwa utulivu kabisa akaanza kunong'ona.

"Mama wa hekaluni ananiita."

"Anasemaje?"

"Anasema mgongoni kwake kuna nafasi. Anasema nikipungua kidogo tena nitaingia."

Siok-hun aliendelea kusugua. Alihisi akisimama mtoto ataogopa. Hapo ndipo alipoelewa yote. Bibi alikuwa amefukuzwa kwa kisu, bila hata kuambiwa kwaheri. Nyumba iliachwa wazi, safi, imepakwa rangi, na chochote kilichokuwa kinazurura huko mashambani bila kaburi na bila wa kukitambikia kikaingia kikakaa. Na yeye Siok-hun mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele ya sanamu ile akasema mtoto huyu ni wako. Aliyekaa mle sasa alikuwa anadai chake.

Alikwenda kwa kaka yake. Bun-kiat alikuwa hafanyi kazi tena, anakunywa, amekaa anatazama ukuta. Alipobanwa alisema kwamba siku ile alipogonga kizibo kikaingia, kilisukumwa kikatoka. Akadhani ni hewa.

"Ukafanyaje?"

"Nikagonga tena kwa nguvu."

"Ukanyamaza. Mwanangu anavaa viatu vya kutiwa pamba, na wewe umenyamaza."

Bun-kiat alianza kulia. Siok-hun hakumbembeleza. Mpaka leo hajambembeleza, na mimi simlaumu.

Akaenda kwa Mzee Khu kuomba kuhani aitwe, sanamu ifunguliwe. Mzee Khu alimpokea kwa chai. Akamwambia hekalu halijapata kuwa na watu wengi namna ile, kwa kuwa Bibi siku hizi hakatai kitu. Ukirusha vipande, ni ndiyo. Ukiuliza upuuzi, ni ndiyo. Kuna bwana mmoja aliyegombana na ndugu yake juu ya bwawa la samaki, akauliza kwa hasira kama ndugu huyo atakufa, akajibiwa ndiyo, na walimzika kabla ya mwezi kuandama. Mzee Khu alisimulia hilo kama mtu anayesifia mvua nzuri. Siok-hun aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Bibi hakuwa hivyo," alisema.

"Ameamka," alisema Mzee Khu.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, walipiga simu kutoka shule. Giok-li hayupo darasani. Viatu vyake viko chini ya dawati.

Siok-hun hakuuliza mara mbili. Alichukua kopo la utomvu mbichi, akachukua na donge la nyuzi alilolitwanga asubuhi ile, likiwa bado laini, akapakia miguuni kwenye pikipiki. Njiani, katikati ya mabwawa, jua likiwa utosini, alikuwa anatukana. Hakuomba dua. Wazee wa kule wanasema kitu kisicho na kaburi hakiogopi machozi, kinaogopa matusi, na kwa hasira aliyokuwa nayo matusi hayakumpa taabu. Alimtukana Khu. Alimtukana kaka yake. Alijitukana mwenyewe na magoti yake.

Hekalu lilikuwa kimya. Wazee wa kujitolea walikuwa nyuma wanakula, vijiko vinasikika. Mbele ya Bibi ubani ulikuwa unawaka, vijiti vingi, lakini paa lilikuwa safi. Moshi haukupanda. Ulikuwa unakwenda mbele, polepole, unaingia kwenye pua za waridi.

Aliita jina la binti yake.

Akazunguka nyuma ya madhabahu.

Giok-li alikuwa amepiga magoti pale, shavu limeegemea mgongo wa sanamu. Macho wazi. Kizibo kilikuwa sakafuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya tundu. Tundu la upana wa yai. Mkono uliingia mpaka begani.

Siok-hun alimshika kiunoni. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

"Mama," alisema Giok-li, "niko hapa."

"Mama," ilisema sauti ndani ya mti, "niko hapa."

Ilikuwa sauti moja. Ya mtoto wake. Ya hofu ile ile, yenye kikohozi kidogo mwishoni kile kile. Siok-hun alisimama. Hakujua ni ipi ya mtoto wake kweli. Vijiko vilikuwa bado vinasikika kule nyuma.

Kisha hasira ikamrudia. Ndiyo iliyomwokoa, kama aliokoka.

"Mwizi we," alinong'ona. "Kupe we. Mzoga usio na mwenyewe. Mtoto nilimkabidhi mwenye nyumba. Sikumkabidhi mvamizi. Huyu nilimzaa mimi, kwa uchungu wangu, nawe hujui hata uchungu ni nini. Toa mkono wake."

Kitu kilivuta. Bega la Giok-li likazama.

Siok-hun akavuta naye. Alivuta aliyemwona. Alivuta kwa mguu mmoja umekanyaga mgongo wa mungu, anatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, na sauti ndani ya mti ikawa inalia mama, mama, mama. Mkono ukaanza kutoka. Kiwiko. Kifundo. Vidole vilikuwa vya baridi, vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa majini. Vilipotoka vyote, sauti ya ndani ilikatika katikati ya neno.

Alichota donge kwa mikono yote miwili akaliziba tundu. Alilishindilia kwa kiganja. Akahisi likisukumwa kutoka ndani, taratibu, kwa vidole. Alishindilia tena. Kisha akaja mbele, akatumbukiza mikono mitupu kwenye kopo la utomvu, akaupaka ule uso wa waridi. Macho kwanza. Halafu pua, mdomo, mashavu, mpaka pasibaki mahali peupe. Moshi wa ubani ulisita. Kisha ukapanda juu, kama moshi wa ubani unavyopaswa kupanda.

Giok-li alikuwa sakafuni, amelala, anakoroma.

Mzee Khu alikuja na watu wake akifoka, tambuu linamchuruzika. Alitaka polisi, alitaka uso ufutwe. Lakini hakuna aliyekubali kuugusa. Bun-kiat, alipoitwa, alisema afadhali wamkate mikono. Na Mzee Khu, mtu asiyepotezwa na upepo wowote, alipoona waumini wanaanza kupiga magoti na kulia wakisema Bibi amerudisha uso wake mwenyewe, alifuta mdomo akawapigia simu watu wa televisheni. Akawaambia ni muujiza. Akawaambia yeye alikuwapo. Yuko mwenyekiti mpaka leo.

Mikono ya Siok-hun iliwasha na kutoa malengelenge hata akashindwa kushika kijiko. Giok-li ndiye aliyemlisha. Mtoto alirudi kukua. Viatu vilimkaa, kisha vikambana, akanunuliwa vingine. Uzi mwekundu Siok-hun aliukata mwenyewe kwa mkasi, na mtoto hakukabwa na pumzi. Shuleni alifanya vizuri. Alicheka, alinuna, alijibu vibaya, alikumbatia. Hakukuwa na lolote la kumtilia mashaka, na mama yake hakutia mashaka.

Asubuhi ya pili baada ya siku ile Siok-hun alikuwa amerudi hekaluni, mikono imefungwa bendeji, kutazama kama kizibo kimekauka. Kilikuwa kimekauka vizuri, kigumu kama jiwe. Kiganja chake kilikuwa kimeacha alama yake, imebonyea. Na katikati ya alama ile, kutoka ndani, kulikuwa na vinundu vitano vidogo vimesukuma nje. Vilikuwa na mistari, ile mistari ya ncha za vidole. Vidole vya mtoto.

Hakumwambia mtu. Alipaka tabaka la utomvu juu yake, akaondoka.

Tangu hapo kila sikukuu ya Bibi yeye hupewa ruhusa kuingia nyuma ya madhabahu na kopo lake. Watu hudhani anamtengeneza Bibi. Yeye hukuta tabaka la mwaka uliopita limekauka, na juu yake vidole vitano, vimesukuma. Huvitukana kwa sauti ya chini, hupaka tabaka jipya, hurudi nyumbani kumpikia binti yake. Lakini kila mwaka vidole vile ni vikubwa kidogo. Vinakua kwa mwendo wa mtoto anayekua. Hakuwahi kuushika mkono wa Giok-li akautazama kwa karibu. Binti akikata kucha, mama hugeukia pembeni.

Vuli iliyopita, siku ya mwezi mpevu, kisu kilimteleza Giok-li akimenya balungi. Alijikata kidole cha kati, mkato wa mshazari, ukashonwa. Sasa ni msichana mrefu, kovu halimsumbui.

Sikukuu ya mwaka huu Siok-hun aliingia nyuma ya madhabahu na kopo lake na brashi yake. Akapiga magoti. Akafuta vumbi la ubani kwenye kizibo kwa ncha ya kitambaa. Vidole vitano, vya msichana mkubwa. Kwenye cha kati mistari ilikuwa imekatika kwa mshazari, na kando ya mkato kulikuwa na alama za sindano.

Nje walikuwa wanapiga ngoma. Giok-li alikuwa uani na wenzake, kicheko chake kinasikika mpaka ndani.

Mwaka huu Siok-hun hakutukana. Aliweka kopo chini bila kulifungua. Akalaza vidole vyake juu ya vile vya kwenye kizibo, kimoja kimoja mahali pake, akasogeza mdomo karibu na mti.

"Umekula, mwanangu?" alinong'ona.